Kabati Lisilo na Msalaba

Hasira hii ninayo tangu mwaka tisini na tatu, na sijawahi kuiombea msamaha.

Mume wangu, Ephraimu, ni seremala hapa Sakina. Mimbari ya usharika wetu aliichonga yeye, na meza ya madhabahu pia, kwa mti wa mringaringa uliokatwa shambani kwa baba yake huko Meru. Kila kitu cha ibada alikianza vilevile: kabla ya kazi yoyote alichora kwa penseli msalaba utakaokaa juu.

Ndipo akaja Mama Fumiko, Mjapani aliyekuwa akifundisha wauguzi, mkazi wa Njiro. Alitaka kabati dogo la milango miwili. Juu akae Buddha wake, chini kikae kibao chenye jina la mwanawe aliyefariki akiwa na miaka sita. Kila asubuhi angemwekea wali kabla hajala yeye mwenyewe. Alitufungulia kitabu cha picha tuone linavyokuwa. Ephraimu akapima ubao, akachora msalaba wake.

"Samahani, fundi," Mama Fumiko akasema. "Hapo pabaki wazi."

Mume wangu akachukua msasa akaufuta. Mwezi mzima alilitengeneza kabati lile, akiingiza ubao ndani ya ubao bila msumari hata mmoja. Nilimwona akiipapasa milango kama anamfunika mtoto.

Siku moja Mzee Stanley alipita karakanani. Huyu ni mzee wa kanisa mwenye duka hapo barabarani. Akauliza mbona hili halina msalaba. Ephraimu hajui kudanganya, akamweleza yote. Jumatano tukaitwa nyumbani kwa Stanley, mimi na mume wangu, mbele ya wazee watano.

"Ephraimu, umejenga nyumba ya sanamu," Stanley akasema. "Livunje mbele yetu, la sivyo Jumapili hushiriki Meza ya Bwana."

Mimi macho yangu yalikuwa juu ya televisheni yake. Hapo, juu ya kitambaa cha kufuma, alikaa mzee mnene wa kauri, kitambi wazi, anacheka. Dukani kwa Stanley wa aina yake walijaa rafu nzima. Tangu serikali iruhusu biashara huria alikuwa akileta kila kitu kutoka Dubai.

"Mzee Stanley, huyo ni nani?" nikauliza.

"Hilo pambo tu, Mama Brenda."

"Yumo kwenye kitabu cha Mama Fumiko. Alituambia kwao watu humwomba awape baraka za biashara."

Mmoja wa wazee akakohoa. Stanley akainuka, akamgeuza yule mzee wa kauri uso ukutani, akarudi kuketi.

"Tuendelee na la Ephraimu," akasema.

Nikakisukuma mbali kikombe cha chai yake. Mume wangu akasimama taratibu.

"Sivunji," akasema. "Lile ni la mtoto wa watu."

Jumamosi tulilipeleka Njiro. Jumapili tuliketi benchi la nyuma. Stanley alitangulia mbele, akapiga magoti, akafumba macho. Ephraimu akaninong'oneza, "Nenda, Mama Brenda, wewe hujakatazwa." Sikwenda. Nilibaki nimemshika mkono wenye sugu, tukiangalia wenzetu wakipewa mkate kutoka kwenye meza aliyoichonga yeye.