Vigingi vya Bibi na Rula Yangu

Kamusi inasema "mambo" ni neno la zamani la vigingi vya mti. Nilihisi limetokana na kuwamba ngozi, yaani kuivuta ikazwe kwa vigingi ikauke, lakini nakiri, sina raha mpaka nipate uhakika. Nikaenda Lingeka kwa bibi, aliyekuwa na ngozi mbichi ya ng'ombe aliyotaka kulalia.

Nilimweleza kuhusu neno langu; akanipa vigingi na jiwe la kugongea ili niiwambe, akaenda kupalilia pamba. Nilipima kwa rula ili vigingi viachane sawasawa, nikaving'oa, nikapima tena. Kufikia alasiri ngozi ilikuwa imekauka, imejikunja kama jani la tumbaku.

"Umeipata asili ya neno lako, mjukuu wangu?" bibi aliuliza aliporudi.

"Bado, bibi."

"Basi leo ngozi hii utailalia wewe, uitafute vizuri."