Mtembeza Wageni wa Bwawa la Mwambani

Halmashauri ya mji ilimdhulumu baba wa mama mmoja mtembeza wageni: bwawa la kuogelea alilolichonga mwambani kwa mikono yake, kibaoni wakaandika jina la diwani. Sasa mama huyo ndiye huwatembeza wageni ufukweni hapo. Huwaonyesha mnara wa taa na mifupa ya nyangumi kwa sauti ya muuza samaki, na akifika bwawani hukitundikia kibao taulo lake bichi.

“Mama, toa taulo tusome,” mgeni mmoja wa Melbourne akamwambia leo.

“Kibao cha uongo kazi yake kuanikia nguo, mwanangu. Ingia majini upapase ukuta. Hizo alama za patasi ni za Alf Tranter, baba yangu.”

Mjukuu wa diwani, aliyekuwa akiogelea karibu na kuyasikia hayo, akapiga mbizi kuficha uso. Mama hakumngoja aibuke. Jina la Alf halijaandikwa popote, na deni hilo ni la halmashauri, si la mjukuu.