Mama fua aliyeona nguo za mzazi hazimo

Saa mbili asubuhi, Asenath Amondi amekunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko. Mabeseni matatu yako mbele yake kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, mtaani Donholm. Anazipanga nguo kabla ya kuzitia maji: za mtoto huku, mashuka kule, za watu wazima mwisho.

"Hii ni ya Nzilani," anasema, akiinua blauzi ya njano kama mtu aliyeokota kitu barabarani. "Na hii. Na hii pia. Wacha anichoshe tu!"

"Mama Oketch, utanitangaza kwa majirani!" Nzilani anamjibu kutoka sebuleni, akicheka.

Wiki saba zilizopita, hapakuwa na nguo hata moja ya Nzilani katika mabeseni hayo.

Asenath, ambaye wengi humwita Mama Oketch kwa jina la mwanawe, ana umri wa miaka 41 na ni mama fua. Siku sita kwa wiki hutoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu, mwendo wa karibu saa nzima, kwenda kufua Donholm na Umoja. Siku ikiwa nzuri hupata shilingi mia sita. Nyumba zenye watoto wachanga ndizo humwita zaidi.

"Wageni wakija na sukari na nepi, wote wanamtazama mtoto. Amefanana na nani, pua ni ya nani. Mimi natazama beseni," anasema.

Nzilani, 26, ni karani katika ghala moja Industrial Area. Alipojifungua, mtoto alipewa jina la mama mkwe wake, Ndete, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Asenath alianza kumfulia mtoto akiwa na wiki tatu. Jumanne ya kwanza alipewa nguo za mtoto pekee. Ya pili, vivyo hivyo.

Hakushtuka. Wazazi wengi huona haya nguo zao za siku hizo kushikwa na mtu mwingine, wakazifua wenyewe kimyakimya.

"Nilidhani anajisitiri. Nikamsifu moyoni. Hilo kosa linaniuma hadi leo," anasema.

Jumanne ya tatu, Nzilani alimfungulia mlango akiwa na dera lile lile la buluu alilokuwa nalo tangu Jumanne ya kwanza. Maziwa yalikuwa yamekaukia begani.

"Na zako ziko wapi?" Asenath aliuliza.

"Sina chafu, Mama Oketch."

"Na hilo dera?"

Nzilani alianza kulia bila sauti. Asenath akapangusa mikono, akaketi karibu naye.

Nzilani alimweleza kwamba hapati usingizi, hata mtoto akilala. Alimnyonyesha, alimwogesha, lakini alihisi kama jirani amemwachia mtoto amshikie kidogo, na jirani mwenyewe hajarudi.

"Niliogopa kusema," Nzilani anakumbuka. "Nilijua wakisikia watamchukua."

Asenath aliijua hofu hiyo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya kumzaa Oketch, alikuwa akimfungia mtoto ndani akilia, kisha anaenda kukaa karibu na bomba la maji huku ameziba masikio. Majirani walisema amerogwa. Mtu wa kwanza kumuuliza, "Na wewe, mama, uko aje?" alikuwa muuguzi aliyekuwa akimpima mtoto uzani.

Jumanne hiyo, wakiwa bado wameketi, Ndete, mama mkwe wa Nzilani, alitokea jikoni na kikombe cha uji. Kila mtu nyumbani humwita Susu, yaani nyanya.

"Mama Oketch, umekuja kufua ama kukaa?" alisema. "Huu ni uvivu wa siku hizi tu. Sisi tulizaa, tukarudi shambani."

Nyumba moja ya Umoja ilikuwa imeshamfukuza Asenath kwa kujitia katika mambo ya mzazi. Hata hivyo, hakunyamaza.

"Susu, huko shambani mlikuwa wangapi?"

"Mimi, mama mkwe wangu, na mawifi wanne."

"Na huyu amekuwa na nani? Mwanao Mativo yuko barabarani na lori. Wewe umefika juzi. Wiki nne ameongea na ukuta!"

Nzilani ndiye aliyesema, "Mama, nikienda kliniki wataniita mwendawazimu. Watamchukua mtoto."

"Nani?" Susu aliweka uji chini. "Mtoto huyu ni mimi. Ana jina langu. Nani atanichukua mimi?" Akamfunga mjukuu mgongoni kwa leso. "Vaa viatu. Twende wote, hao madaktari wanione."

Hakuna aliyemchukua mtoto. Nzilani alipewa dawa zisizomzuia kunyonyesha, na ushauri nasaha kila wiki.

"Ni sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, na unatibika," anasema Clare Obonyo, muuguzi anayemhudumia. "Majonzi ya siku za kwanza huwapata wengi, na hupita kwa wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, mama aletwe. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, msingoje kesho."

Nzilani hajamaliza safari. "Kuna siku bado naamka nikiwa mzito," anasema. "Lakini wiki jana mtoto alipiga chafya, akajishtua mwenyewe. Nikacheka peke yangu. Nikasema, kumbe huyu ni wangu."

Jumapili ijayo, baada ya ibada, mama fua tisa watakutana chumbani kwa Asenath, Mukuru. Clare atawaeleza dalili za kuangalia na mahali pa kumpeleka mzazi. Asenath anatamani kila mmoja wao aondoke na ujasiri wa kumuuliza mzazi hali yake, hata akiambiwa afue anyamaze.

"Nilikuwa nimeshapanga hotuba yangu," analalamika, ingawa uso wote unacheka. "Sasa Nzilani ameniambia ataongea yeye. Ati kazi yangu siku hiyo ni moja tu, kumshikia mtoto."