Siku Nilipokuwa Ulimi wa Mzee Idi

Jumamosi, mwezi wa saba. Upepo wa baridi umevuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia mpaka kwenye mtungi uliofunikwa. Jua limetoka lakini halipashi kitu.

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hukaa chini kwanza. Nimeanza kuiandika mara mbili nikachana karatasi, maana nilisoma misheni miaka miwili tu, na maneno mengine hunikimbia. Leo naiandika ilivyokuwa. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli imeshapita Dodoma inakwenda magharibi. Babu yako, mume wangu, alikuwa akibeba mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, kwenye kambi ya Zuzu. Mimi nilikuwa mke wa mwaka mmoja, sina mtoto, nikichota maji ya jikoni kwa Bwana wa reli. Mpishi wa jiko hilo alikuwa Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa. Tulimwita mzee kwa heshima tu, mvi zilikuwa zimeanza kidevuni. Alikuwa Mwislamu asiyekosa swala, hata upepo umtupie mchanga usoni pale mkekani. Na Bwana wake hakupenda nyama yoyote kama nyama ya nguruwe.

Wa kufuga hatukuwa naye. Askari walikuwa wakipiga ngiri porini, na ngiri huyo aliishia mikononi mwa Mzee Idi. Nguruwe alikuwa na vyombo vyake, vyenye kitambaa chekundu kwenye mshikio, havikuchanganywa na vingine. Akimaliza kazi, Mzee Idi alinawa mikono mara saba, mojawapo kwa udongo. Siku ya kwanza nilidhani amepotewa na hesabu.

"Mzee, mikono imeshatakata."

"Wewe mimina maji, binti. Hesabu niachie mimi."

Wapo wenzake waliomsema vibaya kwa kazi ile, tena mbele yake. Nilimsikia akimjibu mmoja, "Mkono naweza kuuosha. Tumbo je, nitaliosha na nini?" Nani alikuwa na haki, mimi si mtu wa kuamua. Naandika tu kwamba sikumwona hata mara moja akipeleka kidole mdomoni.

Hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Mtu huyu alipika asichokionja. Alisikiliza mafuta: yakilia kwa sauti nyembamba alijua kikaango kiko tayari, yakinyamaza alijua nyama imetoa maji. Kitunguu alikijua kwa harufu, akiwa amempa jiko mgongo. Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikasahau kuitua. Lakini chumvi haina harufu, wala utamu na ukali vikikutana pua haiwezi kuvipima. Kwa hiyo siku moja aliuliza pale jikoni, "Nani hapa anakula ngiri, na haogopi kuniambia kwamba nimekosea?" Kwetu wapo wasiomla na wapo wanaomla. Ukoo wetu tulikula. Nikasema mimi.

Tangu siku hiyo nilikuwa ulimi wake. Alinyoosha kijiko, nikaonja, akauliza, "Chumvi?" Nikajibu, "Bado," au, "Basi." Hakuniuliza mara ya pili. Mwanamke wa miaka kumi na nane, mchota maji, na neno langu linakwenda mpaka meza ya Wazungu bila kuguswa. Nilijiona mtu mkubwa.

Sasa siku yenyewe. Bwana alitangaza kwamba wakubwa watatu wanatoka pwani kwenda kukagua kichwa cha reli, pale ilipokuwa imefikia. Treni ingesimama Zuzu kiasi cha injini kunywa maji, na kiasi hicho hicho ndicho wageni wangepata kula chakula cha jioni. Alitaka nguruwe wa haraka, mtamu na mkali, pamoja na matunda kama wanavyokula kwao. Kuhusu matunda ndani ya nyama, mimi nilicheka. Mzee Idi hakucheka.

Boi wa mezani, kijana mmoja wa pwani aliyeitwa Sefu, alileta kikapu kilichokuja na treni ya juzi. Ndani mlikuwa na vitu viwili vyenye magamba, vina majani magumu kichwani. Nilirudi nyuma.

"Linauma?" niliuliza.

"Likikuona mshamba, ndiyo," Sefu akasema.

"Ni nanasi," Mzee Idi akaniambia. "Nyemo, menya hili moja, ukate vipande vidogo. La pili liache zima, ni la kuliwa baada ya chakula. Maganda na moyo katupe."

Nilipolikata, harufu ilijaa jiko zima. Mwanangu, sisi utamu tuliujua kwa asali na matunda ya porini, ambayo kokwa ni kubwa kuliko nyama yake. Kitu chenye maji namna ile, katika nchi hii ya vumbi, sikuwa nimekiwaza. Niliramba kidole. Kisha sikuyatupa maganda, nilikwenda nayo nyuma ya jiko nikayafyonza moja moja. Nikatafuna na moyo. Nikarudi nikala vipande, sijui vingapi, siwezi kusema vichache. Nilikoma midomo ilipoanza kuwasha, na nilipotema mate niliona damu. Ulimi ulikuwa kama umesuguliwa kwa mchanga.

Treni ikapiga honi upande wa Dodoma, na Mzee Idi akaanza. Nyama ameshaikata nyembamba kama ukanda wa ngozi, nusu moja ikangoja kwenye bakuli. Mafuta yakalia. Akatupa kitunguu, tangawizi, pilipili zilizopondwa, kisha nyama, akaigeuza mara moja tu. Nanasi likaingia, likafuatwa na asali na maji ya ukwaju, na mchuzi ukaanza kuvuta na kung'aa. Akanyoosha kijiko.

"Chumvi?"

Niliweka mdomoni, ikawa moto mtupu. Sikusikia chumvi, sikusikia asali.

"Bado," nikasema.

Akaongeza. "Sasa?"

"Bado."

Akanitazama kidogo, akaongeza tena. "Sasa?"

Nikasema, "Basi," kwa sababu niliogopa kusema bado mara ya tatu.

Nimelipima jambo hili miaka mingi, nisijionee wala nisijipendelee. Nilipojibu "bado" sikusema uongo: chumvi sikuisikia kweli. Lakini nilijua ulimi wangu umeharibika, na hilo nililificha. Wiki ile ile rafiki wa babu yako alikuwa amelazwa kwenye pipa akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kwa kuvunja ubao wa kupimia. Mimi nilikuwa nimekula tunda la wageni wa Bwana. Nikafunga mdomo.

Mzee Idi akapakua kwenye sahani kubwa, akafuta ukingo kwa kitambaa. Sefu akaja kuichukua, akanusa, akasema kwa mzaha, "Leo usikosee, Mzee. Nilimsikia Bwana akiwaambia wageni, mpishi wangu Mwislamu, lakini nguruwe wangu hamharibu. Ukimharibu leo atasema umefanya makusudi, kwa ajili ya dini yako."

Alicheka mwenyewe. Mzee Idi alikuwa anajifungua aproni, ametulia kabisa, mtu ambaye hana wasiwasi. Ule utulivu ndio ulionivunja. Mtu mzima, mwenye ufundi ule, amesimama juu ya neno langu kama mtu anavyosimama juu ya ardhi.

"Usipeleke," nikasema.

"Nini?"

"Usipeleke, Mzee. Sisikii kitu. Nilikula nanasi. Ulimi wangu una damu tangu saa ile. Sijui ina chumvi kiasi gani."

Sefu akaonja palepale, maana yeye alikula chochote akiwa mbali na kwao. Akakunja uso, akatema. "Mama yangu! Hii ni bahari."

Nilingoja kofi. Mzee Idi hakunyanyua mkono. Alitega sikio upande wa stesheni. Maji yalikuwa bado yanaanguka kwenye tangi la injini.

"Wanawe mikono," akamwambia Sefu. "Wape na supu. Nenda polepole, jikwae ukiweza." Kisha akanigeukia. "Lete nanasi la pili."

Hivyo ndivyo nilivyoona kazi ambayo sijaiona tena. Nusu ile ya nyama ikaingia kikaangoni, kisu kikapita kwenye nanasi hata majani hayajaanguka chini. Hakukuwa na ulimi. Sefu alikuwa mezani, mimi sifai, na yeye hakuonja, ingawa mgongo wake ndio uliokuwa hatarini. Niliangalia mdomo wake, naapa hakuna kilichoingia. Alifumba macho, akawa anataja kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma: siku ya mvua chumvi ya vidole vitatu, Nyemo akasema bado. Siku ya upepo vidole vinne, akasema basi. Majibu yangu yote ya miezi minne alikuwa ameyaweka kichwani, na sasa alikuwa akiyasoma. Maneno niliyoyatoa nikiwa najikuna, yeye aliyatunza.

Akatia chumvi kidogo, kidogo mno machoni pangu.

"Mzee, haitoshi."

"Najua. Ikipungua wataongeza mezani. Ikizidi nitaitolea wapi?"

Sahani ikaenda. Tukasimama mlangoni. Baada ya muda Sefu akarudi mbio.

"Chumvi," akasema. "Bwana anataka kibakuli cha chumvi. Na anataka kilichobaki kikaangoni."

Hayo ndiyo yaliyotokea, sikuongeza. Hakuna aliyemsifu Mzee Idi. Wageni waliuliza tunda, wakaambiwa limo ndani ya nyama, wakapanda treni. Ile nyama ya kwanza waliila wabeba mataruma kwa ugali, wakisifu sana, kisha wakamaliza pipa zima la maji.

Mzee Idi alinawa mara saba. Nilimimina mimi. Mara ya saba akasema, "Nyemo, nanasi si kitu. Ungeniomba ningekupa, na ukiiba nitakasirika leo, kesho nimesahau. Lakini mimi pale nilikuwa kipofu, nawe umenishika mkono. Kama njia huioni, niambie na wewe huioni. Tutasimama wote wawili."

Kesho yake alininyooshea kijiko tena. Sikutegemea. Nililia mchuzi ukiwa mdomoni, na nikasema kweli: "Mzee, ulimi haujapona. Ngoja keshokutwa." Akangoja.

Mwanangu, Jumatatu unaanza kazi zahanati. Mganga wenu ametoka mbali, Kigogo hakijui, na akina mama wa vijijini Kiswahili chao ni cha kubahatisha. Atakuuliza, "Anasema nini?" Chochote utakachojibu ndicho atakachokiamini, na dawa itafuata neno lako. Yapo maneno ya maumivu ambayo hata mimi siyajui kwa Kiswahili. Utaona haya kusema hukuelewa, mbele ya foleni, mbele ya mganga mwenyewe. Sema hukuelewa. Muulize mama yule tena, hata mara tatu. Na kama umeshajibu vibaya, rudi useme kabla sahani haijatoka mlangoni, na ikiwa imeshatoka, kimbia uifuate. Anayekuamini hana njia ya kukukagua. Mimi bado naliogopa jambo hilo, na uzee wangu huu.

Mungu akuwekee ulimi mzima, akupe na watu wa kukungoja siku usipokuwa mzima. Nenda salama, uingie salama.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda, na watoto wamepata maziwa ya mgando.