Tablo Tuliyoiomba Kalunguta

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama yangu aliponinyang'anya bisibisi mkononi. Nilikuwa mume wa mtu na fundi wa magari hapa Butembo, ndevu zimeota, nami nikanyang'anywa kama mtoto aliyeshika kisu. Hadi leo namshukuru.

Ilikuwa miaka ile ya uhuru mchanga. Wasimba, wale waasi, walikuwa wamepita, askari wa serikali wakawafuata, na kila aliyepita alituachia kumbukumbu yake. Mimi niliachiwa gari lisilo na tablo. Hivyo ndivyo sisi mafundi tunavyoiita ile sahani ya vipimo iliyo mbele ya dereva, inayomwonyesha mwendo, mafuta na joto la injini. Askari mmoja aliipiga kwa kitako cha bunduki kwa sababu sikuwa na sigara ya kumpa. Gari liliendelea kutembea, lakini katika milima yetu injini ilichemka bila mimi kujua, na zaidi ya mara moja lilinizimikia njiani.

Wakati huo mke wangu alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilikuwa imetuachia kaburi dogo. Masista wa zahanati walituambia waziwazi kwamba safari hii azalie Beni, kwenye hospitali yenye daktari wa kupasua. Usafiri wa kukodi ulikuwa wa bahati nasibu, leo upo kesho haupo. Gari langu ndilo lililokuwa tegemeo, na gari langu halikuaminika.

Basi nikiwa juu ya lori nikitoka Manguredjipa, tukasimama msituni kupoza injini. Chini ya barabara niliona gari la kijani lenye paa jeupe, limemezwa na majani, aina ileile ya langu. Viti vilikuwa vimechukuliwa, magurudumu pia, ila tablo ilikuwa nzima. Wenyeji waliniambia kwamba waasi walimuua dereva wake hapo, na wao wakamzika kando ya barabara bila kumjua jina. Nilisikitika, sikatai, lakini macho yangu yalikuwa kwenye tablo. Sikuwa na chombo cha kufungulia, na lori lilikwisha kupiga honi.

Asubuhi yake nikawa napanga vyombo vyangu ili nirudi kule, huku nikimsimulia mama bahati yangu. Mama alikuwa muuza maharagwe sokoni, na wauza maharagwe hujua habari kabla ya mapadri. Tena magari yalikuwa machache, tuliyajua kama tunavyowajua majirani. Aliniuliza mara ya pili kuhusu lile paa jeupe, na hapo ndipo aliponinyang'anya bisibisi.

"Ile motokari ni ya mutu wa Kalunguta, mwenye alikuwa anauza kahawa," alisema. "Bibi yake banamucheka ku soko, eti bwana alimukimbia, alienda Uganda na mwanamuke mwingine. Na weye unajua fasi analala, unawaza tablo tu?"

Nilimjibu kwamba yule amekwisha kufa, mke wangu bado yu hai, na tumbo halingoji mtu. Nilisema kwa sauti ambayo siku hizi wajukuu wangu wakiitumia, natafuta fimbo.

"Mufu iko na batu yake," akanijibu. "Hapana gusa kitu yake mbele ya kubaambia."

Ukimjua mama yangu, unajua kwamba mazungumzo yaliishia hapo. Akakamata kuku, maana kwetu hatuingii kwa mfiwa mikono mitupu, tukashika njia ya Kalunguta. Njiani nilinung'unika peke yangu. Moyoni nilikuwa naogopa, mwanangu. Kila siku iliyopita niliona ni siku niliyomwibia mke wangu.

Mjane yule, Mama Kahindo, alitupokea mlangoni bila kutukaribisha viti. Alikuwa amezoea wageni wanaokuja kuchungulia aibu yake. Mama akamweleza polepole, nami nikathibitisha mahali, rangi, paa, na yale niliyoambiwa na wenyeji. Alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, tukamsikia akilia kilio kilichokuwa kimezuiwa muda mrefu. Tulisubiri uani na kuku wetu.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Mimi habari ya tablo ilikuwa imenishinda kuitamka, mama ndiye aliyenisemea. Mama Kahindo akauliza mke wangu ana miezi mingapi. Alipoambiwa, hakufikiri sana.

"Twaa, mutoto wangu," aliniambia. "Lakini itakudanganya. Mushale ya mafuta inapenda kukwama pa katikati. Bwana yangu alikuwa anagonga kioo na kidole, ndiyo inashuka. Na weye gonga."

Nikarudi msituni kwa moyo mweupe. Nilisafisha kwanza lile kaburi, kisha nikafungua tablo taratibu, kila waya nikiufunga uzi wa rangi yake nisije nikachanganya. Nyumbani niliipachika mahali pa ile iliyovunjwa, nikaunga kebo ya mwendo na nyaya zake, taa zikawaka. Kipimo cha safari kilionyesha kilometa za marehemu. Nikaziacha kama zilivyo, nikaendelea kuhesabu juu ya zake.

Uchungu ulimjia mke wangu mapema kuliko tulivyotarajia, tukaondoka saa ileile. Kwenye kilima kimoja mshale wa joto ulipanda, nikasimama mapema, nikaongeza maji. Mbele zaidi mshale wa mafuta ulikuwa umetulia katikati, unapendeza kabisa. Nikagonga kioo. Ukaanguka hadi chini. Nilikuwa nimebeba bido, dumu la mafuta ya akiba, kwa ajili ya neno la yule mama, nikalimimina lote, tukafika Beni. Daktari alimpasua mke wangu, akatutolea binti anayepiga kelele. Alisema tungechelewa kidogo angewapoteza wote wawili. Nililia pale barazani mbele za watu, na sikuona haya.

Mvua zilipopungua niliwaongoza ndugu wa marehemu hadi msituni, tukamfukua, tukamleta Kalunguta azikwe kwao. Watu walijaa, na wale waliocheka sokoni walikuwapo. Husemwa kwamba lisemwalo lipo. Hilo la kwao halikuwapo kamwe. Kabla ya kuzika, Mama Kahindo aliniita nisimame karibu naye.

"Mutoto wangu, sema bote basikie. Ile motokari, uso yake iliangalia wapi?"

"Iliangalia huku, mama," nikasema. "Alikuwa anarudi nyumbani."

Shemeji yake mkubwa alivua kofia. Yeye ndiye aliyeivumisha habari ya Uganda, na mbele yetu sote alimwomba msamaha.

Basi, mwanangu, ukiokota kitu cha mtu aliyeanguka, usikimbilie faida yake. Kitafute kilikotoka, hata kama shida yako inapiga kelele, maana huko kuna mtu anayesubiri habari uliyo nayo wewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile ya Kalunguta tulipona sisi wageni na mwenyeji wetu, na kama si ukali wa mama yangu, nisingebaki na mke wala kumpata binti. Anayekunyang'anya chombo mkononi, msikilize kwanza.

Mungu akulinde katika milima hii, akupe wazee wakali na mioyo ya kuwashukuru. Na siku utakapochelewa njiani, amjalie mtu mwema kuwaambia watu wako kwamba ulikuwa unarudi.