Mama Aliyekuwa Shangazi

Juzi nilikaa benchi moja na mama mmoja nje ya kituo cha yatima huko Moshono, Arusha, mojawapo ya vituo hivi vya watu binafsi vinavyofunguliwa siku hizi kila kona. Wazungu wa kujitolea walikuwa wanafika kesho yake, na kituo kinasomesha yatima tu, kwa hela zao. Mama akamkazia macho bintiye.

“Mimi nani?”

“Mama.”

Akamfinya paja. “Mimi nani?”

“Shangazi.”

“Mama yako yuko wapi?”

“Alikufa,” mtoto akajibu, machozi yakimlenga.

“Usilie, mwanangu. Ukikosea, shule hakuna.”

Nasikia wageni hao huchanjwa kabla ya kupanda ndege, wasije wakaumwa huku kwetu. Maandalizi ya mtoto huyu yalifanyika bila ganzi.