Tunda la Sita

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu za jioni, ndipo nilimudanganya Koko, mama wa baba yangu.

Tulikuwa barazani, kwetu mutaa wa Bigo. Koko anauza matunda sokoni, na kesho yake mama mwenye resto moja mupya, nyumba ya kuuza chakula, alikuwa anamungoja. Kama angependezwa, angenunua kwake kila juma. Koko alitaka kumutajia matunda kwa Kifaransa. Mimi niko sekondari, basi mimi ndiye fundi wa Kifaransa wa nyumba. Aliinua tunda moja-moja, mimi nikaandika, yeye akarudilia: ananas, papaye, avocat, goyave, maracuja. Kisha akainua tunda-damu, lile jekundu lenye umbo la yai. Sikujua. Niliona haya kusema. Nikaandika "poire rouge", jina la kujitungia tu.

Koko alilipenda hilo jina. Alilirudilia mara ine akipanga matunda mu kitunga. Kisha akakaa.

"Mwanangu, kuna siku moja kule Mahagi, kwenye nilikomalia, haijanitoka kichwani. Nilikuwa na umri wako, na kwetu ni mimi tu nilikuwa nimesoma kidogo. Sista mumoja alipita, akaniuliza kama tuko na goyaves. Sikujua ni nini. Lakini baba alikuwa ananiangalia kwa majivuno, nikasema oui, ndiyo, nikamuambia baba Sista anataka mapapai. Kesho yake alisukuma baiskeli yenye mapapai toka asubuhi mpaka saa nane, kwa mulima wa kufika kwa masista. Kumbe Sista alikuwa anangoja mapera. Baba akarudi na mapapai yote, tukayakula mpaka tukayachukia. Hakunipiga. Aliniambia tu: 'Ungesema haujui, tungekuwa wawili wenye hawajui, tungeenda kuuliza pamoja. Uliniacha nipande ule mulima peke yangu.'"

Sijui kama Koko alikuwa amenishitukia. Alikuwa anapanguza nanasi, hakuniangalia.

"Basi nakuomba, mwanangu. Mutu akikutegemea, usimupe uongo juu ya kuficha haya yako. Haya yako itapita upesi, lakini mulima ni yeye ataupanda. Mungu akupe kinywa chepesi cha kusema sijui, na akuweke kati ya watu wenye hawatakucheka."

Akaniwekea mukono kichwani. Ulinukia nanasi.

Asubuhi nilifuta poire rouge, nikamuambia kweli. Hakushangaa. Alisema tu, "Beba kitunga, twende."

Kule resto, Koko alitaja matano bila kukosea. Kwa la sita akaniangalia. Mimi, mwenye hata mu klasi ninajibu nikiangalia viatu, niliinua tunda-damu.

"Mama, hili hatujui jina lake kwa Kifaransa. Kwenu munaliita namna gani?"

"Kwetu Goma? Prune du Japon," akasema mwenye resto. Akalipasua kwa kisu, akatupatia kila mumoja nusu.

Koko akalirudilia mara ine, midomo ikiwa myekundu. Nikatoa kalamu, nikaandika.